Kiti Kilichoandika Nafasi

Mshonaji alikuwa anasinzia basini aliposikia mama asiyeona, aliyekaa mbele yake, akisema, "Kiti changu kimeandika L." Alikuwa ameinama, anapapasa matundu sita ya skrubu za kufungia kiti sakafuni. Skrubu zilibaki tatu tu, zote safu ya kushoto.

"Kila tundu lina skrubu au halina," akamweleza fundi seremala wa kiti cha pembeni. "Zidisha mbili kwa mbili, tundu baada ya tundu, utapata alama sitini na nne. Ndivyo vipofu tunavyosoma nukta nundu kwa vidole, na safu nzima ya kushoto ni L."

"Na yakiwa matupu yote sita?"

"Nayo ni alama, kaka. Inaitwa nafasi. Bila hiyo maneno yangegandana."

"Dada, kisichokuwepo hakihesabiwi."

"Ukikidharau kitakuonyesha cha mtema kuni." Mama akanyoosha mkono, akapapasa chini ya kiti cha fundi. "Chako kimeandika nafasi."

"Basi nimeikalia," fundi akasema, akakunja nne.

Dereva akafunga breki. Mshonaji akamwona fundi akisafiri na kiti chake hadi mlangoni, bado amekunja nne, kama bwana harusi.

Kondakta akawaita waliokuwa kituoni. "Pandeni, nafasi ipo."