Eusebio Hakusinzia

Marehemu Eusebio Chitanda hakusinzia kwenye usukani. Karatasi iliyosomwa mbele ya madereva, kwenye maegesho ya malori Nachingwea, ilisema alisinzia, na chini yake kulikuwa na dole gumba la mkewe, Gaudensia. Dole lilikuwa lake kweli. Maneno hayakuwa yake.

Eusebio alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Marambo, mtoto wa tatu wa mzee Benedikto na mama Josephina, waliovuka mto Ruvuma na jembe moja na kibuyu cha mbegu za ufuta. Mama yake alisema mtoto huyu alitembea kabla hajajua kutambaa, na tangu hapo hakuna aliyemwona ameketi mpaka chai ikapoa.

Alisoma hapo hapo kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1983. Alichapwa mara nyingi kwa kutoka darasani lori linapopita. Akirudi, alikuwa anajua limebeba nini.

Mwaka 1990 alipata kazi ya utingo kwenye lori la pua, yaani lile ambalo injini hukaa mbele ya dereva, chini ya boneti ndefu. Ndilo lililompatia mke. Barua hakuandika, kwa sababu Gaudensia hakwenda shule. Eusebio alikuwa akifunga muhogo kwenye majani ya mgomba, anaupachika pembeni mwa injini huko Ruangwa, na akifika Naipingo kwa kina Gaudensia anafungua boneti mbele ya wakwe na kupakua muhogo ulioiva. Baba mkwe alikula, akasema, "Huyu hata gari likiharibika hatalala njaa." Walifunga ndoa tarehe 28 Septemba 1996.

Alipata leseni ya malori makubwa mwaka 1999, na kwa miaka ishirini na mitatu aliendesha lori la pua la tajiri mmoja, akibeba korosho kwenda Mtwara. Kwenye njia nyembamba aliilenga kona kwa ncha ya boneti, na asubuhi aliiwekea boneti hiyo kiganja kabla ya kusalimia watu. Utingo wake alikuwa Dominiko, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye Eusebio alimlea na kumfundisha udereva.

Dominiko alipenda malori mapya, yale ya uso bapa yaliyochongwa kukata upepo. Maegesho yote yalijua ubishi wao.

"Kaka, pua lako linafika Mtwara, wewe bado uko Ruangwa!"

"Likikutana na mti, litafika kabla ya magoti yangu."

"Jipya lina kitanda, lina kiyoyozi, linanusa tu mafuta, halinywi!"

"Na ukitaka kuona injini unabinua nyumba nzima ya dereva, mpaka chupi zinamwagika."

Mzee Shaban, dereva mwenzao, alikuwa akiwaambia wanyamaze, maana hata wake zao hawagombaniwi hivyo.

Mwaka 2022 tajiri aliuza lori la pua. Eusebio alipewa lenye uso bapa, na tangu siku hiyo alilalamika: kiti kiko juu ya tairi, barabara inamjia usoni, haoni gari linaishia wapi. Watu walizoea kumcheka. Ndiyo maana asubuhi ya tarehe 11 Oktoba 2023, pale Ruangwa, aliposema breki zinavuja upepo, hakuna aliyesikia breki. Walisikia pua. Gaudensia alikuwapo, amempelekea chakula cha safari, na kwa masikio yake alisikia mvuvumo chini ya tela. Dominiko alicheka. "Kaka, ni pua hilo unalililia. Twende, wenzetu wameshaondoka."

Mteremkoni kabla ya Nanganga breki ziliisha. Chini kulikuwa na watu wanapanga magunia. Eusebio aliiacha lami, akakata usukani, na lori likagonga mkorosho kwa upande wa kulia, upande wake. Dominiko, aliyekaa kushoto, alishuka na vumbi tu. Mtu aliyesinzia hachagui upande.

Mumewe akiwa chumba cha upasuaji, Gaudensia alikaa, akasimama, akazunguka ua wa hospitali. Dominiko akaja na karatasi na kidau cha wino. "Shemeji, weka dole hapa. Ni ya hospitali, wasichelewe kumtibu." Aliweka. Hakuuliza, kwa kuwa huyu ndiye aliyekula chungu kimoja nao miaka ishirini. Baada ya wiki mbili mzee Shaban alifika nyumbani, akashindwa kuketi. "Mama Prisca, kwa nini umemshuhudia mumeo uongo?" Ndipo alipojua alichokitia dole. Tajiri alikuwa ameshamkabidhi Dominiko ufunguo wa lori jingine jipya.

Eusebio hakupona magoti. Alilala kitandani miezi kumi na mitano na hakutulia hata siku moja. Mkono wa kushoto ulibadili gia juu ya shuka. Kila lori lililopita alilitaja kwa mlio. Alipoambiwa habari ya karatasi, alisema, "Mwacheni mdogo wangu. Atakuja aseme mwenyewe." Lori la Dominiko likisikika, alijiinua kwa viwiko. Lilipunguza mwendo penye tuta, likaendelea. Kidonda cha goti kilimwingia kwenye damu, akafariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, macho yakiwa mlangoni.

Ameacha mjane, Gaudensia, watoto wawili, Prisca na Jonasi, wajukuu watatu, na mama yake, Josephina, ambaye leo anamzika aliyepaswa kumzika yeye.

Dominiko yupo hapa kando ya kaburi, na lori lake liko barabarani. Hadaiwi udongo, udongo ameshatupa. Anadaiwa maneno. Akasimame kwenye maegesho ya Nachingwea, pale pale karatasi iliposomwa, mbele ya mzee Shaban na madereva wote, aseme breki zilikuwa zinavuja, kaka yake alikuwa macho, na dole la Gaudensia lilichukuliwa kwa uongo. Mwanamke aliyemdhulumu hakujua kusoma. Yeye anajua kusema.

Eusebio apumzike sasa. Dominiko asipumzike mpaka aseme.