Pete Tumboni mwa Sangara

Benchi la Yakobo muuza kahawa limeegemea ukuta wa chumba cha Prudencia, pale Igogo njia inapoanza kupanda mawe, kwa hiyo kinachosemwa benchini Prudencia hukisikia hata asipotaka. Asubuhi hiyo alikuwa anataka. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, mtoto mgongoni, daftari kifuani. Daftarini mlikuwa na majina saba ya watu waliokubali kuletewa jarida la hadithi nyumbani kila mwezi. Wakala wa jarida alishamwambia: yakifika kumi kabla ya saa nne leo, kazi ya kulisambaza Igogo ni yake, yakipungua, anapewa mwingine. Ilikuwa saa tatu na nusu. Wiki nzima alipanga kwenda kuwaomba wale wanaume wa benchini wajiandikishe, na wiki nzima miguu ilimgomea. Alichoweza ni kuacha toleo moja juu ya benchi alfajiri, akakimbia kama aliyeiba.

Toleo hilo sasa lilikuwa mikononi mwa mzee Rutashobya, ambaye kwa sababu ya miwani yake wanamwita Profesa. Alikuwa anawasomea kwa mara ya tano hadithi ya mpasua samaki aliyefungua tumbo la sangara akakuta pete ya ndoa ya mumewe, yule aliyeaga kwamba anakwenda msibani Ukerewe.

— “Itaendelea,” — Profesa akamalizia.

— Itaendelea nini! — Kashindye fundi baiskeli akatupa spana chini. Huyu wanamwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. — Mume kamezwa mzimamzima, yameisha!

— Sangara hamezi mtu, Breki, — Yakobo akasema huku anamimina kahawa. — Mume kaivua mwenyewe. Ana mke kule kisiwani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, ndiyo maana pete ikapenya.

— Nyie mnasikiliza, hamwelewi, — Profesa akasema. — Yule sangara kafundishwa. Kuna mtu kamfuga, anamtuma kuvua watu pete wakinawa ziwani.

— Sangara jambazi!

— Ana genge. Na mkuu wao ni mama mkwe.

Benchi likaguna. Hapo hata Breki aliona pana ukweli.

— Lakini yule binti wa jarida, jamani, kichwa! — Breki akasema. — Namwona anavyopanda mawe na mtoto mgongoni, mpaka zile nyumba za juu kabisa. Mimi wateja wa kule nawaambia baiskeli washushe wenyewe.

— Hana bosi, — Yakobo akadakia. — Ofisi yake kitanda. Na jarida lake haliishiwi bando kama simu, katikati ya utamu.

— Mwakani atakuwa na ofisi ya ghorofa, — Profesa akasema.

— Ghorofa? Yule atanunua meli! Abiria wote watasoma mpaka Bukoba!

Nyuma ya pazia uso wa Prudencia ukawaka, wanamsifu, Mungu wangu wanamsifu, na saa inakwenda, na sifa haziandikwi daftarini.

Sasa, alikuwepo mama mmoja, Rebeka, aliyekuja na baiskeli yenye pancha. Breki alishamsahau. Mama akakohoa.

— Samahanini. Hilo toleo lijalo, kati yenu analetewa nani?

Profesa akamtazama Breki. Breki akamtazama Yakobo. Yakobo akainamisha birika, likatoka tone moja, basi.

— Si ulijiandikisha wewe, Profesa? — Breki akauliza.

— Mimi? Nilijua ni wewe! Mdomo wote huo!

— Mtegemea cha nduguye hufa maskini, — Breki akajitetea, — ndiyo maana nilikuwa nakutegemea wewe.

Kutoka mlango wa Prudencia mpaka benchini ni hatua kumi. Alizipiga bila kujua alivyozipiga.

— Shikamooni, — akasema, na kabla hawajaitikia maneno yakamtoka yote kwa mpigo: — yamebaki majina matatu tu jamani, mwisho saa nne, naleta mwenyewe mpaka mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe, mkikataa sawa, lakini msinisifu tena, mnaniumiza.

Profesa akashusha jarida magotini.

— Marahaba, binti. Basi tuandike moja. La benchi.

— Benchi halina jina, baba.

— Na likiwa moja atalishika nani? — Breki akaruka. — Profesa? Atasoma mwisho peke yake halafu atuletee mama mkwe! Andika Kashindye!

— Na mimi, — Yakobo akasema. — Sitaki kuhadithiwa.

Profesa akanyoosha mkono, akalichukua daftari, chini ya majina ya wenzake akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, pole pole, RUTASHOBYA, kama anayetia saini hati ya shamba.

Kumi. Prudencia akamtumia wakala ujumbe, saa nne kasoro dakika sita.

— Na kwetu Igoma, — Rebeka akauliza, bado kashika baiskeli yake, — unafika?

Benchi zima likamgeukia Prudencia. Igoma iko kule, mwisho kabisa wa mji, njia ya Musoma, na yeye hatua kumi zimemchukua wiki.

— Nafika, — mdomo wake ukasema, hofu ikabaki ndani inatafuta viatu.