Fundi Nta, Aliyekuwa Sampuli Namba Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, nimetumwa na familia niwasomee safari ya kaka yetu, ambaye kazini walimwita Fundi Nta, nasi nyumbani tukalichukua jina hilo bila kuomba ruhusa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mabasi, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1979, sekondari mwaka 1983, na stashahada ya maabara mwaka 1988. Mwaka uliofuata aliajiriwa hospitali ya rufaa, chumba cha mwisho ghorofa ya chini, ambako kwa zaidi ya miaka thelathini alizamisha vipande vya uvimbe wa wagonjwa katika nta na kuvikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, ili madaktari wavisome kwa hadubini. Hata mkate alikata hivyo hivyo, tukala vipande kumi tusishibe.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha kwa kumtazama tu, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Juni 2017, akinyoa ndevu, aligusa uvimbe chini ya taya, ikathibitika ni saratani ya tezi, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini, na Septemba 2021 ikamrudia. Wakati huo maabara yao ilikuwa ikilinganisha vinasaba vya uvimbe wa mwanzo na vya ule uliorudi, ijulikane umebadilika nini hata ukaishinda dawa, naye akavitoa vipande vyake vyote viwili. Kwa utaratibu wao sampuli hubeba namba, si jina, na kwa kuwa mganga hajigangi, vya kwake vilikatwa na fundi wa hospitali nyingine.

Hivyo siku ya kikao cha kusoma majibu, namba arobaini na moja ilipojadiliwa, hakuna aliyejua, isipokuwa daktari wake, kwamba mwenyewe amekaa pale na kikombe chake cha chai. Mtafiti alieleza kwamba seli chache zilizojificha tangu mwanzo zilinusurika na dawa ya kwanza, zikaongezeka na kubadilika, kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba mgonjwa huyu akirudishiwa dawa ile ile hamalizi mwaka. Kaka aliogopa, kama alivyomwambia mkewe baadaye, lakini hakujitaja, maana alijua wangelainisha maneno, akauliza tu: “Sasa huyu tumpe ipi?”

Wakaitaja, akaipata, ikampa zaidi ya miaka miwili, akamwona kitindamimba wake akihitimu na mjukuu wake wa kwanza akiota meno.

Januari 2024 dawa hiyo nayo ilishindwa, akaomba kitolewe kipande kingine cha kusomwa, mkewe akakataa, akisema mwili huu umekatwa vya kutosha, wakanuniana siku nzima, mpaka alipomwambia, “Mama watoto, wakikosa cha tatu, hawatajua uvimbe umepitia wapi safari hii.” Kilipokatwa, mkewe ndiye aliyemshika mkono. Alifariki nyumbani tarehe 3 Mei 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioacha majiko na milango yao wazi kwa ajili yetu, na wafanyakazi wenzake, ambao juzi ndipo walipoambiwa namba arobaini na moja alikuwa nani, wakalia humo humo maabarani bila kuvua glavu. Kipande cha tatu bado kinasomwa, na shemeji yetu ameomba siku ya majibu aitwe, akae kwenye kiti cha mumewe, aulize swali lile lile kwa ajili ya mgonjwa anayefuata.

Fundi Nta, umekata vya kutosha, pumzika kwa amani.