Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Historia ya mpendwa wetu, fundi wa sare za shule tuliyemzoea kwa jina la Mama Pindo, inasomwa na wifi yake, kwa kuwa marehemu aliagiza hivyo, tena akaandika kwa mkono wake kwamba pasirukwe mstari.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na muuguzi, akamaliza shule ya msingi mwaka 1983, akajifunza ushonaji, na tangu 1986 alishona katika chumba cha mbele chenye cherehani mbili, ambako hakuna mtoto aliyetoka na pindo lililopinda. Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1992.

Mwaka 1994 vidole vilimvimba hata mkasi ukamshinda, na daktari wa viungo akamweleza kwamba ana lupasi, yaani kinga ya mwili imemgeuka mwenyewe, akampa vidonge vya kila siku. Aliposhika mimba mwaka 1996, sote tukawa madaktari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini shangazi alisema dawa zitamlemaza mtoto, jirani akasema mjamzito lazima aumwe, na wifi yake, huyu huyu anayesoma, akavimwaga vidonge chooni bila kumuuliza daktari hata neno moja. Ugonjwa uliamka, ukaingia kwenye figo, na tarehe 3 Novemba mtoto wa kiume wa mimba ya miezi sita alizaliwa bila uhai.

Mwaka 1999, kabla ya kushika mimba tena, alisubiri kwanza ugonjwa utulie miezi sita, daktari akambadilishia dawa moja isiyofaa kwa mimba na kumwachia nyingine, akapimwa damu na mkojo kila mwezi, na vidonge akavificha ndani ya kopo la vifungo, maana ushauri wetu ulikuwa haujakoma, inachosha hata kusimulia. Binti yao alizaliwa salama tarehe 21 Mei 2000.

Figo zile hazikupona sawasawa, zikashindwa kabisa mwaka jana, na tarehe 17 Juni 2024 akafariki hospitalini.

Tunamshukuru daktari wa viungo, aliyerudia maneno yaleyale miaka thelathini, wauguzi, mafundi wenzake, na majirani, hata wale wa ushauri.

Binti yake, aliyerithi cherehani na ugonjwa, ana mimba ya miezi mitano, na kopo analo mapajani. Mstari wa mwisho aliouandika marehemu unasema, "Mwacheni ameze dawa zake."

Pumzika kwa amani, wifi yangu. Kopo sitaligusa.