Jamaa wa Mtungi

Benchi la Kavindu, muuza kahawa, liko Laini Saba, karibu na reli, na watu wake hawajawahi kukosa la kubishania, hata mwaka ule wa vita vya kura. Kahawa ni ya birika moja, gazeti nalo ni moja, na ili liwatoshe hulikunja kwa urefu, kila mtu ateremke safu yake hadi chini kabla ya kumpisha mwenzake. Asubuhi ile ya Machi gazeti halikuwepo. Kilichokuwepo ni kijitabu cha katuni za amani kilichogawiwa kanisani, na mabwana hawa wenye ndevu zao hawakuwa wamesoma katuni tangu wazaliwe. Basi wakakikunja kwa urefu.

Mutinda, fundi wa majiko, alikuwa na lake moyoni. Banda alilofanyia kazi pamoja na Obiero liliungua Januari. Alimwona Obiero mlangoni ameshika mtungi wa plastiki, akapiga kelele kwamba ndiye anayechoma, vijana wakamfukuza Obiero hadi akakimbilia kwa dada yake Kawangware. Sasa Obiero ameomba kurudi kazini, na mkewe anakuja leo kuchukua jibu. Mutinda alikuwa ameamua kukataa. Lakini alimkumbuka sana yule mtu, na jambo hilo lilimuudhi.

— Soma basi, Wakili, alisema.

Murunga, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia kortini, aliweka kidole juu kushoto.

— Jamaa wa shati ya mistari anakunywa chai. Chini yake, anakimbia na mtungi. Chini kabisa, anafukuzwa na watu wameshika rungu.

Akageuza upande wa pili.

— Nyumba inawaka. Jamaa anamwaga mtungi kwa mlango. Mwisho, amekaa peke yake mbali huko.

— Ngoja, alisema Sifuna, ambaye wote humwita Redio. Wanamfukuza na nyumba bado haijawaka?

— Walikuwa wameshamjua, alijibu Wakili.

— Walimjuaje?

— Si unaona vile anakunywa chai. Mtu wa roho safi hanywi chai hivyo.

— Na hii kitu nyeupe inatoka kwa kichwa yake, na vipovu vidogo vidogo?

— Hiyo ni teargas ya polisi.

— Teargas ndani ya nyumba, kwa chai?

— Kwani Januari ulikuwa wapi? Iliingia hadi kwa sufuria ya Kavindu.

— Mimi usiniweke kwa hiyo kesi, alisema Kavindu, akimimina kahawa.

Redio alikuna kidevu.

— Mi naona hivi. Hawa ni wasee wawili. Mapacha. Mmoja anafukuzwa, mwingine anabaki nyuma kuchoma.

— Na shati ni moja?

— Mapacha hununuliwa sare.

— Zii, si mapacha, alisema Wakili. Huyu mchoraji alihongwa. Amechora mwisho mbele ndio tusijue nani ako na makosa.

Kichwa kilimzunguka Mutinda. Alishamhukumu jamaa wa mistari pale tu alipouona ule mtungi, na bado hakuelewa kwa nini roho haikutulia.

— Niaje hapa, ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Filister, mke wa Obiero, mkoba kwapani na vumbi la Kawangware miguuni. Waliitikia kwa chini chini. Kavindu akampa kahawa, naye akakichukua kile kijitabu, akakikunjua.

— Nani amekunja hii? Hii si gazeti. Unasoma ukienda kando, hivi, halafu ndio unashuka. Audrey wangu ndio alinifunza. Na hii ya vipovu ni mawazo, hajafungua mdomo.

Kidole chake kikapita taratibu.

— Anakunywa chai. Nyumba ya jirani inawaka. Anakimbia na mtungi. Anamwaga kwa mlango. Watu wanamfukuza. Amekaa peke yake.

Redio akakiinamia kijitabu.

— Kumbe ni maji, alisema Redio polepole.

— Kwani mlidhani ni nini?

Filister aliweka kijitabu chini, akamgeukia Mutinda.

— Baba Timothy, nimekuja kuchukua jibu. Lakini kwanza niambie. Hiyo siku uliona Baba Audrey na mtungi kwa mlango, moto ilikuwa imeshaanza ama bado?

Mutinda alifungua mdomo. Alimwona Obiero, akauona mtungi, akauona mlango. Moto aliutafuta kabla ya Obiero, akautafuta baada yake, na kote aliweza kuuweka. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alimtazama Wakili, Wakili akaangalia kikombe. Alimtazama Redio, na Redio kwa mara ya kwanza hakuwa na habari.

— Sijui, alisema.

— Na ulipiga kelele.

— Nilipiga.

— Mama Audrey, aliingilia Wakili, hiyo siku kila mtu alikuwa...

— Nimeuliza yeye.

Mutinda aliinuka, akajipangusa suruali.

— Nipeleke huko Kawangware, Forty-six, nimwulize mwenyewe.

Filister akamrudishia Kavindu kikombe.

— Twende. Wewe ndio utakuwa wa kwanza kumwuliza.