Saa Mbili za Kupumzisha Betri

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutusindikiza, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Koili, na mnivumilie kwenye kipande kimoja ambacho shemeji, yaani mjane, ameagiza kisomwe chote bila kurukwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili kati ya sita. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1963, sekondari hadi 1967, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme mwaka 1970, ingawa mama yetu alisema alihitimu akiwa na miaka tisa, siku alipofungua redio ya baba na kuifunga tena, ikaimba, zikabaki skrubu tatu.

Alianza kazi kiwanda cha nyuzi mwaka 1971, na tarehe 7 Januari 1980 alirudi chuo kilekile kufundisha umeme, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009. Kila darasa jipya aliliambia, kabla halijagusa waya, kwamba umeme haukupi zaidi ya ulichoupa, na anayekuahidi nyongeza anakupiga changa la macho.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu, karani wa posta, wakajaliwa watoto watatu, na wajukuu saba.

Machi 2019, ili ajionee mwenyewe, aliunda mota ya mipigo, inayosifiwa kutoa umeme wa nyongeza, yaani gurudumu la baiskeli ya mtoto lililobandikwa sumaku nane, likisukumwa na koili, waya wa shaba uliosukwa duara, iliyopokea umeme vipande vipande kutoka betri ya kwanza, na kila mpigo ukichaji kidogo betri ya pili. Aliifunga juu ya meza ya jikoni, shemeji akawa anakatia vitunguu mapajani. Kila siku gurudumu lilizunguka asubuhi, adhuhuri akalizima, betri ya pili akaiacha ipumzike saa mbili kamili ili kipimo kisimdanganye, akatembea hadi kwa kinyozi, na akirudi aliitumia kuwasha taa na kuhesabu dakika hadi taa ififie. Miezi ya kwanza ilififia mapema, naye akawa anakula kimya, mtu aliyezoea kuongea na kijiko mdomoni. Shemeji roho ilimuuma, na siku moja, ndani ya zile saa mbili, akaichomeka betri kwenye chaja ya ukutani, akaichomoa aliposikia geti.

Taa iliwaka kupita kiasi. Marehemu alifurahi siku mbili, ya tatu usingizi ukapaa, maana kama kipimo kile kilikuwa kweli, basi vijana zaidi ya elfu moja aliwafundisha uongo. Alibadilisha mita, akabadilisha nyaya, akasuka koili upya mara kumi na moja, na shemeji, akiona kwamba akiacha ghafla atajulikana, akaendelea.

Novemba 2023 moyo wake ulianza kushindwa kazi, akalazwa mara tatu, daftari la vipimo likiwa chini ya mto. Tarehe 11 Februari 2024 alimwomba binti yake mkubwa amwandikie barua ya kuwaomba radhi wanafunzi wake wote. Shemeji alikuwa mlangoni na beseni la maji, akalitua chini, akasema yote, chaja, geti, miaka minne na ushee, akingoja kugombezwa. Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja mbio, kisha kaka akasema alikagua kila kitu jikoni isipokuwa mwenye jiko, na kwamba ashukuriwe Mungu, vijana wake hawakudanganywa. Barua haikuandikwa, na kuanzia siku ile usingizi ulimrudia.

Machi aliruhusiwa kurudi nyumbani, akaomba gurudumu lizungushwe mara ya mwisho, shemeji akiwa amekaa mbele yake, mikono yote miwili mezani. Taa ilififia baada ya dakika kumi na tisa, naye akaandika daftarini, kwa kalamu nyekundu, neno moja, Sahihi.

Alifariki tarehe 27 Aprili 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, na sisi tunalia, lakini hatuna donge moyoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotupikia, kinyozi aliyemnyoa hadi wiki ya mwisho, na walimu wenzake wa chuo.

Mwalimu, wanafunzi wako wamejaa uani hapa, na ulichowafundisha kilikuwa kweli. Pumzika kwa amani.