Dakika Ishirini na Mbili Tulizomkata Chiriku

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kaeni kitako, ila leo sina la kuwachekesha sana. Leo tunamkumbuka mwimbaji wetu, yule mliyemwita Chiriku. Figo zilimwondoa akiwa na miaka thelathini na minane. Leo imetimia miezi mitatu tangu afariki, na simu zenu za kuomba nyimbo zake hazijapoa.

Nina jambo la kusema, na limenikaa kooni muda mrefu.

Mlimwita Chiriku kwa sababu jukwaani maneno yalimtoka mfululizo, hata hujui anavuta pumzi saa ngapi. Sasa sikieni. Chiriku alikuwa na kigugumizi. Narudia, alikuwa na kigugumizi. Akiimba, hakuna. Akizungumza, neno moja lilimchukua muda wake. Dada yake anasema hata dukani aliomba sabuni kwa wimbo. Watu wakacheka, wakasema staa ana mbwembwe.

Mama yake aliniambia hivi: "Alikuwa akifika mlangoni anaanza kuniita. Mimi naosha sufuria, naifuta, naiweka mahali pake, ndipo 'mama' inatoka. Sikumsaidia hata siku moja. Neno lake hilo, alimalize mwenyewe."

Baada ya mazishi mama akaomba kitu kimoja tu. Amsikie mwanawe akizungumza. Si akiimba, jamani. Akizungumza, na kigugumizi chake.

Dada akamleta hapa studio. Alijua kwamba miaka tisa iliyopita mdogo wake alikaa kwenye kiti hiki akafanya mahojiano na mimi. Ni mahojiano pekee aliyowahi kufanya. Yalichukua dakika arobaini. Mliyoyasikia hewani yalikuwa dakika kumi na nane.

Hizo ishirini na mbili nilizikata mimi. Mimi na fundi mitambo tulikaa asubuhi nzima tunaondoa kila alipokwama. Amerudia neno, kata. Amenyamaza, kata. Nikajiona nimemsitiri mtoto wa watu, hata nikajisifu kwa mke wangu. Vipande vyenyewe tukavifuta. Chiriku alipoyasikia alinipigia simu, akaniimbia asante, na hakukubali tena kuhojiwa na mtu. Mimi huyu nikamsema kwa watu kwamba umaarufu umempanda kichwani.

Basi mama akavaa vipokea sauti vyangu, vikubwa kuliko kichwa chake. Akasikiliza dakika zote kumi na nane. Akavivua taratibu.

"Huyu nani?"

"Ni yeye, mama."

"Huyu anazungumza kama wewe, mwanangu. Wangu hakuwa hivi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi hii. Ndiyo maana nikawaomba nyinyi mashabiki mlete chochote mlichorekodi. Mkaleta, Mungu awabariki. Rekodi mia tatu na kumi na moja. Tumezisikiliza zote. Za jukwaani mnasikika nyinyi, mnaimba kuliko yeye. Fundi cherehani mmoja alikuja mbio na simu mkononi, machozi yanamlengalenga. Chiriku aliwahi kumtumia ujumbe wa sauti kuhusu suruali. Tukaufungua. Kiuno, urefu, mifuko miwili ya nyuma. Vyote ameviimba.

"Kwani haufai?" akaniuliza.

Nikamwambia unafaa. Ningemwambiaje?

Jumanne nilikwenda nyumbani kwao kumwambia mama kwamba hakuna. Kati ya rekodi mia tatu na kumi na moja, hakuna hata moja. Alikuwa jikoni. Hakulia, wala hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Aliniuliza tu, "Hivi alikuwa akianzaje? Alivuta pumzi kwanza, au mdomo ndio ulianza? Sauti yake imeanza kunipotea."

Wasikilizaji wapendwa, mimi ndiye niliyeisikiliza kila pumzi ya yule kijana mara kumi kumi, natafuta pa kukata. Nikasimama pale jikoni nikajaribu kukumbuka. Sikukumbuka. Hadi leo sikumbuki.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una mtu anayezungumza taratibu na wewe humalizia maneno yake, hebu jitafakari. Sina ushauri mwingine. Na huu wenyewe mimi umenifikia nimeshachelewa.

Kwa mama, kwa dada, kwa familia yote ya Chiriku, poleni sana. Najua hamnisikii. Dada ameniambia redio ya pale nyumbani imezimwa tangu Jumanne. Mama anataka kimya, huenda akakumbuka. Poleni hata hivyo.